Daftari la Mvua na Funza wa Alizeti

Mtu asimamapo Kanyakine, katika Imenti Kusini, akaupa mgongo Mlima Kenya na kuuelekeza uso wake mashariki, huiona nchi ikiteremka mithili ya ngazi, ikianzia nyuma yake kwenye mashamba ya chai yanayopakana na msitu, ikipita katikati ya migomba na mibuni iliyomzunguka yeye mwenyewe, ikishuka hadi Mitunguu, na kuishia katika nyika ya Tharaka, ambako maji ya Kathita na Mutonga huenda kujiunga na mto Tana. Safari ya mteremko huo si ndefu kwa mwenye gari, walakini katika asubuhi moja msafiri huwa amevuka hewa za namna tatu, tangu ukungu wa juu hata jua kali la chini. Wajerumani wawili, Ralph Jätzold na Helmut Schmidt, walipokusanya hesabu za mvua na joto za Kenya na kuzichapa, wakiitolea sehemu ya mashariki juzuu yake mwaka 1983, walizigawa daraja za nchi kama hizi na kuzipa majina ya mazao yanayozifaa: ukanda wa chai na maziwa, ukanda wa kahawa, ukanda wa alizeti na mahindi, ukanda wa pamba, na chini kabisa ukanda wa mifugo na uwele.

Nimeanza na majina hayo kwa sababu mawili kati yake ni ya mimea ya mafuta. Alizeti ni dhahiri. Na pamba, ambayo wengi huijua kwa nyuzi zake tu, mbegu yake hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yake wakalishwa ng'ombe. Basi hii ni nchi ambayo hesabu ya mvua yenyewe imeihukumu kuwa yafaa kutoa mafuta. Lakini mmea wa mafuta una maadui, na mkubwa wao ni nondo mmoja wa rangi ya udongo, arukaye usiku, ambaye mtoto wake wakulima wa pamba humwita funza wa vitumba. Yeye hutoboa tumba la pamba, huingia katika kichwa cha alizeti mbegu zikiwa bado changa, na akikosa hivyo hula mbaazi, nyanya na mahindi. Ninalotaka kulisimulia ni jinsi watu wa nchi zetu walivyojifunza kumtazamia mdudu kabla hajafika, wakimsoma katika mvua na upepo, na kwa nini maarifa hayo, yaliyopata kuwa imara kabisa Afrika ya Mashariki, hayakumfikia mwenye alizeti.

Kabla ya alizeti na pamba, mafuta ya miteremko hii yalitoka katika mbarika, ambao watu wa pwani huuita pia mbono. Wazee wa Meru, Embu na Ugikuyu waliyakamua, wakayachanganya na udongo mwekundu, wakajipaka mwilini na kulainishia ngozi za kuvaa. Mbarika ni mti usiodai uangalizi. Huota penye jaa na mipakani mwa mashamba, na mwenye nyumba huchuma mbegu zake kwa wakati wake. Sidhani kwamba mtu alikesha akimwazia mdudu wa mbarika. Shughuli ya kutazama mbingu ilikuwa ya nafaka na kunde, na hapo wazee walikuwa na ilimu pana: Wagikuyu waliziita mvua za mwanzo wa mwaka kwa jina la njahi na mvua za mwisho wa mwaka kwa jina la mwere, yaani uwele, kila mvua ikibeba jina la chakula inachokilea. Upande wa Meru unaotazama mashariki, mvua za Oktoba hadi Disemba ndizo zinazoaminika zaidi, na mkulima wa huko aliyajua hayo pasipo tarakimu. Alijua vilevile kwamba aliyepanda mapema huvuna, na aliyechelewa hugawana shamba na wadudu; nayo ni kweli tupu, kwa kuwa shamba lililochelewa huchipua wakati wadudu wamekwisha kuzaana mara moja au mbili katika mashamba yaliyotangulia, kisha wote huligeukia hilo lililochelewa peke yake.

Pwani nako palikuwa na hisabu yake, tena iliyopangwa kwa utaratibu ambao hata leo nautazama kwa taadhima. Waswahili waliuhesabu mwaka wa Nairuzi, wa siku 365, wakianzia Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi katika Unguja huiadhimisha mwezi wa Julai, wakazigawa siku hizo kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini kaskazi itaanza na lini kusi itafunga bahari, na mkulima alijua lini atie mbegu ardhini. Katika karne ya 19 ufuta wa Malindi na wa nchi za Lamu ulipakiwa majahazini kwenda Unguja, na kutoka Unguja ulisafirishwa hata Marseille kukamuliwa mafuta, huku Lamu yenyewe ngamia akizunguka shinikizo tangu asubuhi. Hisabu ya miongo haikutungwa kwa ajili ya wadudu, lakini ndani yake mlikuwa na asili ya jambo lote ninaloliandikia: kwamba pepo zina tarehe, na kwamba kiletwacho na upepo kina tarehe pia.

Ikaja zama ambayo watu waliotaka mafuta hawakuuliza tarehe. Mwisho wa mwaka 1946 serikali ya Uingereza, nchi yake ikiwa na dhiki ya mafuta baada ya vita, iliazimia kulima karanga katika Tanganyika kwa ekari zaidi ya milioni 3, na mashamba ya kwanza yakafyekwa Kongwa. Waliotumwa kuikagua nchi waliizungukia kwa muda wa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa katika ndege, na daftari za mvua za mahali penyewe zilikuwa haba. Mvua ya Kongwa ikafanya desturi yake, yaani kuja mwaka mmoja na kukosa mwaka mwingine, na ardhi iliyolainika masika ikawa ngumu kama sakafu wakati wa kuvuna. Habari hiyo yajulikana, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Isiyosimuliwa sana ni habari ya kidukari. Karanga hushikwa na maradhi ya kudumaa yaitwayo rozeti, yanayochukuliwa na kidukari mweusi kutoka mmea hadi mmea. Kidukari huyo huvuka kiangazi juu ya karanga chache zilizojiotea baada ya mavuno, kisha mvua zikianza humea mbawa na kutawanyika. Mtaalamu wa wadudu A. C. Evans, aliyeyachunguza maradhi hayo katika Tanganyika, alichapisha utafiti wake mwaka 1954, wakati mpango wenyewe umekwisha kuwa magofu. Watafiti wa miaka iliyofuata walithibitisha kwamba karanga zilizopandwa mapema na kwa kubanana hupona kuliko zilizochelewa na kutawanyika. Mzee wa Imenti angaliulizwa angalijibu hivyohivyo, ila hakuna aliyemwuliza.

Funzo la Kongwa halikupotea bure. Katika Namulonge, kituo cha utafiti wa pamba karibu na Kampala, H. L. Manning alizichukua hesabu za mvua za miaka mingi, na badala ya kutoa wastani, ambao humdanganya mkulima kwa kuuchanganya mwaka wa gharika na mwaka wa njaa, akazipanga ili kuonyesha ni mvua kiasi gani mtu aweza kuitumainia katika miaka mingi kati ya kumi. Nadhani hilo ni katika mambo mazuri yaliyopata kufanywa kwa ajili ya kilimo chetu, kwa sababu lilibadili swali: si tena mvua ni kiasi gani, bali ni mara ngapi itatimiza ahadi. Jätzold na Schmidt walipokuja kuzipanga daraja za Meru na Embu miaka mingi baadaye, nao walitumia fikira ya namna hiyo, na jina la ukanda wa alizeti ni tunda lake.

Lakini mvua ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni upepo, na aliyeufundisha ulimwengu nusu hiyo ni nzige. Makundi yaliyoiingia Kenya tangu 1928 hata 1931 yalikula mimea na malisho katika wilaya nyingi, na Serikali ilikuwa haina la kufanya ila kuwakodi watu wachimbe mitaro na kuwafukia tunutu. Huko London, Boris Uvarov, mzaliwa wa Urusi, alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1921 ya kwamba nzige wa makundi na panzi mpweke wa aina ile ni mdudu mmoja, ageukaye sura na tabia akisongamana na wenziwe. Naye akakusanya ofisini mwake barua na ripoti kutoka kila nchi zilizosema kundi limeonekana wapi na siku gani. Ripoti hizo, nyingi zikiwa zimeandikwa na makarani wa wilaya na machifu, ndizo zilizomwezesha R. C. Rainey kuchapisha mwaka 1951 hoja yake kwamba makundi ya nzige hayaendi yanakopenda, bali hufuata upepo, na kwa kuwa pepo za kaskazini na za kusini hukutana katika ukanda mmoja na kupandisha hewa iletayo mvua, basi nzige hufikishwa pale pale ambapo mvua inanyesha na majani yanachipua. Mtu mzima aliyekuwa akiamini kwamba nzige hunusa mvua hakukosea sana. Upepo ndio uliokuwa pua yao.

Sasa nafika Muguga, nami naomba msomaji anipe wasaa, maana hapa ndipo penye moyo wa habari hii. Muguga iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, nje kidogo ya Nairobi, na tangu 1948 palikuwa makao ya taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika ya Mashariki, iliyorithi kazi ya kituo cha Amani katika Usambara. Humo, katika miaka ya 1960, E. S. Brown alishughulika na viwavijeshi, wale weusi watokeao kwa ghafula baada ya mvua za kwanza, wakitembea kwa umoja wao kutoka shamba hadi shamba, ambao katika meta moja ya mraba waweza kuzidi 1,000. Watu wengi waliamini kwamba viwavi hao huzuka ardhini, kwa kuwa jana hawakuwapo na leo wapo. Brown na wenzake walitandaza mitego ya taa katika Kenya, Uganda na Tanganyika: taa kali juu ya chombo, inayowashwa magharibi na kuzimwa alfajiri, na mtu wa kuwahesabu nondo asubuhi na kuandika idadi yao katika daftari pamoja na mvua ya siku ile. Mwaka 1969 Brown, Elizabeth Betts na Rainey yule yule wa nzige walichapisha ramani za mwaka mzima za mdudu huyo, zikionyesha jinsi anavyosogea mwezi baada ya mwezi pamoja na pepo na mvua. Na katika mwaka huohuo ukaanza utaratibu wa kutoa utabiri.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kuuelewa na mgumu kuudumisha. Hesabu za mitego zilifika Muguga kwa simu na kwa barua. Wataalamu wakazilinganisha na ramani za pepo na ripoti za mvua. Kila juma katika msimu wakatoa tangazo la kusema wilaya gani zikae kwa hadhari. Nondo wa viwavijeshi huruka usiku, akapanda juu, akachukuliwa na upepo mamia ya kilometa. Akikutana na dhoruba ya mvua, pepo zitokazo katika dhoruba ile humkusanya na wenziwe mahali pamoja, nao hushuka na kutaga. Kutoka usiku ule hata siku ambayo mkulima ataona viwavi kwa macho yake, kuna takriban juma moja au mawili. Muda huo ndio faida yote ya utabiri: siku chache za kutafuta dawa, kuazima bomba na kuwatazama watoto wa viwavi wangali wadogo, kijani, wepesi kufa. Miongoni mwa waliokuja kuiongoza kazi hiyo alikuwa Mkenya, P. O. Odiyo, ambaye maelezo yake juu ya namna ya kuwatabiri viwavijeshi yalichapishwa na Royal Society ya London mwaka 1979. Ningependa jina lake lijulikane katika skuli zetu kama yanavyojulikana majina ya wakimbiaji.

Jambo moja katika daftari hizo za mitego hunishika sana. Usiku ambao mtego haukupata nondo hata mmoja, mhesabuji alitakiwa aandike sifuri. Sifuri ile ilikuwa habari kamili; ilimwambia mtu wa Muguga kwamba taa iliwaka, mtu aliamka, alitazama, na nondo hawakupita. Mahali palipoachwa wazi palisema jambo jingine kabisa: kwamba hakuna ajuaye. Mtabiri aweza kujenga hoja juu ya sifuri mia moja, lakini juu ya nafasi tupu kumi hawezi kujenga kitu.

Na mwaka 1977 nafasi tupu zikaanza kuongezeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo zikagawanyika taasisi zilizokuwa zikihudumia nchi zote tatu: idara ya hali ya hewa iliyokuwa moja ikawa tatu, na Muguga ikawa mali ya nchi moja. Mdudu yeye hakugawanyika. Nondo wa Dodoma aliendelea kupita Namanga bila cheti, ila hesabu zake sasa zilisimama mpakani. Ni haki kusema kwamba kazi haikufa. Shirika la kupambana na nzige wa jangwani, lililoundwa 1962 na nchi za Afrika ya Mashariki, lilipokea mzigo wa utabiri wa viwavijeshi, na Tanzania nayo ikaendeleza mitego yake chini ya kituo cha Tengeru, Arusha. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, ikaja fikira ambayo naiona ni bora kuliko zote zilizotangulia. Katika Kilosa, wilaya ambayo viwavijeshi huanza mapema, vijiji vyenyewe vilipewa mtego wenye harufu ya nondo jike na chombo cha kupimia mvua, na wanakijiji waliochaguliwa wakafundishwa kanuni fupi: nondo wakiwa wengi na mvua ikawa imenyesha, kijiji kionywe. Hapakuwa tena na haja ya kungoja barua kutoka mbali. Kilosa ilifaulu, na utaratibu wake ukachukuliwa na nchi nyingine, Kenya ikiwamo.

Msomaji mwangalifu amekwisha tanabahi tatizo. Kiwavijeshi hula majani ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga na malisho. Alizeti haigusi, pamba haigusi, ufuta hauingii mdomoni mwake. Utabiri wote ule, tangu Muguga hata Kilosa, ulimlinda mwenye nafaka na mwenye ng'ombe, na ilikuwa haki wao watangulie, kwa kuwa njaa hutangulia mafuta. Lakini funza wa vitumba ni wa ukoo uleule wa nondo warukao usiku, ana mbawa zilezile za safari, na mtego wa harufu ya jike wake upo tangu zamani. Hakukosa kutabirika, alikosa mtu wa kumfanyia kazi hiyo. Wakulima wa pamba katika Rodesia na Malawi walikuwa wamekwisha kufundishwa, tangu miaka ya 1960 na 1970, kutembea shambani na kuhesabu mayai kwa kijibao chenye matundu na vijiti kabla ya kunyunyiza dawa. Kwetu pamba ya nchi za chini ilidhoofika katika miaka ya 1990 soko lilipolegezwa, na alizeti haikupata nafasi ya kusimama, kwa sababu mafuta mengi yapikiwayo Kenya ni ya mawese yaletwayo kutoka Malaysia na Indonesia. Zao lisilo na mnunuzi wa hakika halipati mtabiri.

Hata hivyo kanuni za funza huyu zajulikana, na mteremko wa Kanyakine ni mahali pazuri mno pa kuzisomea. Tangu mwaka 1735 Réaumur, mwanachuoni wa Ufaransa, alionyesha kwamba kinachokomaza mmea si idadi ya siku bali ni jumla ya joto ulilolipata, na baadaye ikadhihirika kwamba mdudu naye ni vivyo hivyo. Funza wa vitumba hakui hewa ikiwa chini ya digrii 12 hivi. Kila digrii inayozidi hapo humsogeza mbele. Tuseme basi shamba la chini lina wastani wa digrii 25, na shamba la juu, ambako hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6 katika kila meta 1,000 za kupanda, lina digrii 19. Funza wa chini hupata digrii 13 za kukua kila siku, wa juu hupata 7. Safari ya kutoka yai hadi nondo ambayo huko chini yatimia kwa mwezi mmoja, huku juu itachukua karibu miwili. Maana yake ni kwamba nondo waliokomaa chini hupata wakati wa kupanda na kuikuta alizeti ya juu ikianza kufunua maua, na hapo ndipo wanapopenda kutaga. Mwenye shamba la juu asiyejua yaliyopita bondeni mwezi uliotangulia atadhani funza wamezuka ardhini, kama babu zetu walivyodhani juu ya viwavijeshi.

Mvua nayo ina hukumu zake. Mvua kubwa yenye matone mazito huyapiga mayai na viwavi wachanga wakaanguka na kufa, na udongo uliojaa maji huwaua walalao ndani yake wakingoja kupata mbawa. Mvua ya wastani ifuatwayo na majuma ya jua ni neema kwao, maana magugu na kunde huwa zimechipua za kutosha kulisha kizazi cha kwanza, na hakuna cha kukisomba. Kwa hiyo mtu aliye na hesabu ya mvua ya kila siku, joto la kila siku, na tarehe ambayo alizeti yake imeanza kutoa vichwa, ana zaidi ya nusu ya utabiri mkononi mwake; kilichobaki ni mtego mmoja na subira ya kuuhesabu.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo sasa yafanywa na setilaiti, na kwamba simu ya mkononi itamwambia mkulima kila kitu. Siwapingi kabisa, na nzige wa karibuni ni mfano. Mwezi wa Mei 2018 kimbunga Mekunu kiliipiga Salalah katika Oman, kikajaza maji mchanga wa jangwa la Rub' al Khali, na mwezi wa Oktoba kikafuata Luban. Katika mchanga ule uliolowa, mbali na macho ya watu, nzige wakazaana kizazi baada ya kizazi. Mwisho wa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto lisilo la kawaida na mvua za vuli zikazidi mpaka, na tarehe 28 Disemba makundi yakaingia Kenya kupitia Mandera. Baada ya majuma machache tu yalikuwa yamefika Meru, nchi ambayo kwa muda wa miaka 70 hivi haikuwa imeona mfano wake, na mwanzo wa 2021 yalionekana Meru tena. Safari hii ramani za pepo zilikuwapo, utabiri ulitolewa na vituo vya Roma na Nairobi, na ndege zikatumwa kwa kadiri zilivyopatikana. Setilaiti iliona majani ya jangwani yakichipua. Lakini setilaiti haioni yai la nondo chini ya kichwa cha alizeti, wala haijui kwamba jana jioni mvua ya milimeta 20 ilinyesha upande mmoja wa mto na kuuacha ule mwingine mkavu. Na katika nchi ya mteremko kama hii, ambako mashamba mawili yanayotazamana yana majira mawili, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kuvuna na kutovuna.

Ilimu ya mahali hukaa katika daftari ya mahali. Katika Kenya nzima misheni, mashamba, vituo vya machifu na skuli zilikuwa na chombo cha kupimia mvua, chombo cha bati tu, kilichosimamishwa mahali peupe, na mtu aliyekisoma kila siku saa tatu asubuhi. Tarakimu alizoandika mtu huyo, ambaye aghalabu hakujua zinakwenda wapi, ndizo walizozihesabu akina Manning na Jätzold, na ndizo zilizoupa ukanda wa alizeti jina lake. Vyombo vingi vya namna hiyo vimevunjika au vimeachwa, na daftari zake zimechakaa makabatini.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa msomaji aliye katika nchi ya kutoka mto Thuci hata Nkubu. Ikiwa nyumbani mwako, au katika stoo ya kanisa, au ofisi ya chama cha ushirika, kuna daftari la mvua la zamani, hata likiwa na miaka mitatu tu na kurasa zimeliwa na mchwa, usilitoe kufungia njugu. Linakili, ulipeleke kwa watu wa hali ya hewa au kituo cha utafiti wa kilimo cha Embu. Na ikiwa wewe ni mwalimu, simamisha chombo kimoja uwanjani, umpe mwanafunzi zamu ya kukisoma saa tatu asubuhi, na siku ambayo hakuna tone lililoanguka, mwambie asiache nafasi wazi; aandike sifuri.